Chatu katika Kizimba Kipya

Habari nitakayowaeleza leo ni ya mnyama ambaye wengi wenu mkikutana naye njiani hamtamsalimu, bali mtatafuta fimbo. Ni chatu. Wala sisemi juu ya chatu wa porini, yule alalaye katika matete ya mto Ruvu au vichakani mwa Saadani akingoja mawindo yapite; huyo ana makao yake na hahitaji msaada wetu. Nasema juu ya chatu aliye mikononi mwa watu, aliyetolewa katika sanduku moja akatiwa katika jingine, na ambaye bwana wake anangoja ale, naye hali.

Huenda mtu akauliza, Je, ni nani huku pwani afugaye nyoka? Ngoma ya nyoka asili yake ni ya Wasukuma, na hasa ya chama chao cha Bayeye, ambao kazi yao tangu zamani ni kukamata nyoka, kuwatibu watu walioumwa, na kucheza na nyoka hao mbele ya halaiki. Bwana Hans Cory aliandika habari za chama hicho mwaka 1946, na hata leo katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, watu huona wachezaji waliojivika chatu mabegani. Bagamoyo nayo ni mji uliozoea watu wa bara. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walishuka hapa kwa maelfu wakiichukua misafara ya pembe za ndovu. Tena mwaka 1981 kilianzishwa hapa Chuo cha Sanaa, ambacho tangu 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na ngoma za makabila mengi hufundishwa humo. Vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam vilikwisha kuionyesha ngoma ya nyoka majukwaani katika miaka ya 1980 na 1990. Basi si ajabu chatu kuonekana katika ua wa mtu wa pwani.

Tuchukue mfano. Kikundi kimepata chatu kutoka Mwanza. Amesafiri maili zipatazo 700 ndani ya gunia, kutoka nchi iliyoinuka zaidi ya futi 3,600 mpaka usawa wa bahari, penye hewa nzito na unyevu mwingi. Akifika hutiwa katika sanduku kubwa jipya, zuri, lenye wavu pande zote ili watu wamwone. Watoto wa mtaa hujaa. Jioni hupewa kuku mzima, naye hamtazami. Kesho yake hutolewa akapapaswa ili azoee watu, akaumwa aliyempapasa. Siku ya tatu ngoma zinapigwa karibu naye ili azoee sauti. Mwezi ukiisha pua yake imechubuka, mbavu zaonekana, na wenyewe wasema ana kiburi, au kwamba kuna mtu amewafanyia jambo. Chatu huyo hana kiburi, wala hakurogwa. Ana hofu tu, na kila wanalomtendea kwa wema lamwongezea hofu.

Kabla sijaendelea, yafaa niseme neno juu ya sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, haimruhusu mtu kukamata wala kuweka mnyama wa porini bila kibali. Kadhalika chatu yumo katika orodha ya pili ya mapatano ya mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Asiye na kibali na aende kwanza katika ofisi ya wanyamapori, ndipo aite seremala.

Sasa na tutazame jinsi nyoka anavyoijua dunia, maana bila kujua hilo mengine yote hayataeleweka. Nyoka hana kope wala tundu la sikio. Mtetemo wa ardhi hupita katika mifupa ya taya lake mpaka sikio lililo ndani, hivi kwamba mtu akikanyaga kwa nguvu karibu na sanduku, nyoka huijua hatua ile kwa mwili kabla ya kumwona mtu. Ulimi wake wenye panda si mwiba, kama wengine wanavyodhani. Kazi yake ni kuzoa harufu hewani na kuzipeleka katika viungo viwili vidogo vilivyo kwenye kaakaa, ambako hupambanuliwa. Chatu ana zaidi ya hayo: midomoni mwake mna vishimo vinavyohisi joto la kiumbe kilicho karibu, hata gizani. Tena mwili wake haujitengenezei joto la kumtosha kama miili yetu. Hulipata kwa kulala mahali penye joto, na hulipunguza kwa kuhamia mahali penye ubaridi.

Basi fikirini hali yake anapotiwa katika sanduku jipya. Hakuna harufu hata moja anayoijua. Hakuna shimo la kujificha. Chini yake mbao zatetemeka kwa nyayo za watu, na mbele yake viumbe vikubwa vyenye joto vyasogea. Mbwa mgeni hufarijika kwa kupapaswa, lakini nyoka hamjui mfariji. Mkono wako kwake ni mnyama mwingine, na mnyama mkubwa wenye joto namna ile, kama si chakula, basi ni adui. Fadhili utakayomfanyia ni kumpa maficho na kumwacha.

Nianze na kizimba chenyewe. Zamani ilisemwa kwamba urefu wa sanduku ukiwa nusu ya urefu wa nyoka watosha, kwa kuwa nyoka hulala amejikunja. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba nyoka wengi hujinyosha kabisa wakipata nafasi, na kwa hiyo yafaa kizimba kisipungue urefu wa mwenyewe. Chatu mkubwa wa Afrika hupita futi 13. Mtu asiye na chumba cha kumtosha huyo asimchukue. Lakini ukubwa peke yake si raha. Kizimba kipana kilicho kitupu ni kama uwanja kwa mtu anayewindwa. Hasa chatu mdogo, kama wa futi tatu, atatulia upesi zaidi katika sanduku la kadiri lenye maficho mengi.

Pande tatu na ziwe za mbao zilizopigwa randa, zenye matundu madogo ya kupitisha hewa, na upande wa mbele uwe wa kioo. Wavu wa kuku si mzuri. Nyoka mwenye hofu husukuma pua yake palipo na mwanga akitafuta njia, na wavu humkwangua mpaka midomo ivimbe, na kidonda kile kikiingia kinywani huoza. Komeo liwe imara, tena liwe na kufuli. Chatu ana nguvu kuliko vile inavyodhaniwa, na kilango kilichofungwa kwa kamba hakimzuii.

Ndani viwepo vificho viwili, kimoja upande wa joto na kimoja upande wa ubaridi, ili asilazimike kuchagua baina ya joto na usalama. Mtungi uliovunjika, ukapinduliwa na kukatwa mlango pembeni, ni kificho bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa fedha nyingi. Kificho kisiwe kikubwa mno. Nyoka hupenda kuta zimguse mwilini pande zote. Chini tandika karatasi za magazeti kwa majuma ya kwanza, maana juu yake utaona upesi choo, damu au wadudu. Baadaye waweza kutia nyuzi za makumbi ya nazi, ila ziwe za makumbi ambayo hayakufukiwa katika maji ya bahari kama yafanywavyo makumbi ya kamba, kwa kuwa yale yana chumvi. Vumbi la mbao usilitie, maana hushikamana na chakula na kuingia kinywani, na mbao nyingine zina utomvu wenye harufu kali.

Habari ya joto yataka niseme kwa urefu kidogo. Vitabu vingi juu ya ufugaji wa nyoka vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako shida kubwa ni baridi, na kwa hiyo vimejaa taa na vyombo vya kutia joto. Mtu wa Bagamoyo akivifuata neno kwa neno atamwoka chatu wake. Chatu apendezwa na joto la digrii 30 mpaka 32 za sentigredi upande mmoja wa kizimba, na 25 au 26 upande wa pili. Huku kwetu katika miezi ya kaskazi hewa ya kivulini peke yake hufika 32, na chini ya paa la bati hupita hapo. Joto likizidi 38 nyoka yu hatarini, na sanduku la kioo lililoachwa juani huua kwa muda mfupi kuliko wa kupika wali. Basi kizimba kikae chini ya makuti au ndani ya nyumba yenye kuta nene, mbali na dirisha la jua. Taabu ya baridi huja usiku wa Juni na Julai tu, kusi inapovuma. Hapo funga madirisha, na ukitaka, weka chini ya pembe moja ya kizimba chupa ya maji ya moto iliyovikwa kitambaa. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba hicho, kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Unyevu nao una mpaka. Masika sakafu ya kizimba ikilowa na isikaushwe, ngozi ya tumbo hutoka malengelenge, na kifua hushikwa. Utasikia pumzi zake zakoroma na kuona povu mdomoni. Badili matandiko kila yakilowa. Bakuli la maji liwe zito, la udongo, asilipindue, na maji yabadilishwe kila siku.

Tena kuna adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji kabisa, naye ni siafu. Nyoka wa porini akiona siafu huhama. Aliye sandukuni hana pa kwenda, na msafara wa usiku mmoja watosha kummaliza, hata awe mkubwa namna gani. Kizimba kisimame juu ya miguu, na kila mguu uwe ndani ya kopo lenye maji na oili chafu kidogo juu yake. Yakague makopo hayo kila jioni wakati wa mvua. Jani moja lililoanguka toka ukingo wa kopo mpaka mguuni ni daraja tosha. Wala usipulize dawa ya wadudu ndani au karibu. Dawa iuayo mbu yaweza kumdhuru nyoka vilevile.

Kizimba kikiwa tayari, chagua siku ya kumhamisha. Asihamishwe siku chache baada ya kula, wala macho yake yanapokuwa na ukungu wa rangi ya maziwa ya samawati, maana hiyo ni dalili kwamba karibu atajivua gamba. Wakati huo haoni vizuri, ana uchungu, na hurukia chochote. Mngoje amalize. Katika kizimba kipya tia sehemu ya matandiko yake ya zamani, hata ikiwa ni kipande cha gunia alilosafiria, mradi liwe halina uchafu wala kupe. Hiyo ndiyo harufu pekee anayoijua katika dunia hii mpya, na imewatuliza nyoka wengi kuliko mikono ya watu. Usikisugue kizimba kwa dawa zenye harufu kali, hasa zile za kuogea vidonda na za kuoshea vyoo.

Mhamishe jioni. Chatu anayepita futi nane na ashikwe na watu wawili, mmoja akiongoza kichwa na mwingine akiuchukua mwili, wala asivikwe shingoni na mtu aliye peke yake. Afadhali zaidi umweke pamoja na gunia lake ndani ya kizimba, ulifungue, ufunge mlango, na umwache atoke mwenyewe kwa wakati wake. Kisha funika upande wa mbele kwa kanga au shuka, uondoke.

Kwa siku saba zinazofuata kazi yako ni kubadili maji tu na kuondoa choo, pasipo mazungumzo marefu mbele ya kioo. Najua hili ndilo gumu kuliko yote. Mtu aliyepata mnyama mpya hutaka kumtazama, na jirani hutaka kumtazama zaidi. Lakini juma hilo moja la subira laweza kuokoa miezi mitatu ya mashaka. Siku ya nne au ya tano inua pembe ya shuka. Ukimwona akitembea usiku, akitoa ulimi polepole na kuugusisha kila mahali, ujue ameanza kuipima nyumba yake. Ukimwona akikimbiza pua kioo kizima, au amejikunja kama herufi ya S na kukirukia kivuli chako, rudisha shuka, ongeza maficho, na uhesabu siku upya.

Dalili moja huwadanganya wengi: chatu kulala bakulini mwa maji siku nyingi. Hudhaniwa kwamba amefurahi kuoga. Mara nyingi ana moja ya mashaka matatu: joto limezidi, au ana wadudu wadogo chini ya magamba, au bakuli ndilo mahali pekee alipojiona amefichika. Chunguza maji; yakiwa na vijidudu vyeusi kama mbegu ndogo, umekwisha kupata sababu. Pasipo na vijidudu, sogeza kizimba kivulini, kisha tazama vificho vyako.

Juma likipita, mpe chakula baada ya Isha, wakati nyumba imetulia. Mpe panya mmoja ambaye unene wake hauzidi unene wa nyoka mwenyewe, tena awe amekwisha kuuawa. Panya hai aliyeachwa sandukuni na nyoka asiyetaka kula humgeukia nyoka na kumtafuna mgongo. Vidonda vya namna hiyo vimeua chatu wengi wa kufugwa. Panya aliyeokotwa mtaani asitumiwe kamwe, kwa kuwa huenda alikula sumu. Mweke karibu na mlango wa kificho, ukitumia koleo ndefu wala si mkono, halafu ondoka. Asipomla mpaka asubuhi, mwondoe, na usijaribu tena kabla ya juma jingine. Kujaribu kila siku ni kumsumbua kila siku.

Wala usiingiwe na hofu upesi. Chatu mzima mwenye afya huweza kufunga miezi bila kudhurika. Bwana Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alieleza mwaka 2018 jinsi chatu wa kike wa kusini mwa Afrika wanavyokaa bila kula muda wote wa kuyalalia mayai, na hata baada ya kuanguliwa hukaa na watoto wao yapata majuma mawili, jambo ambalo wengi hawakulidhania kwa nyoka. Basi mpime kwa mizani kila mwezi, ndani ya gunia. Uzito ukiwa haushuki sana, ngoja. Ukishuka, na uti wa mgongo ukitokeza kama ukingo wa paa, mwite bwana mganga wa wanyama. Chatu mchanga asingojwe hivyo. Akipitisha mwezi bila kula yafaa aangaliwe.

Akiisha kula, asiguswe kwa siku mbili kamili. Akiguswa hutapika, na kutapika kwake si kama kwetu, maana hupoteza maji na nguvu nyingi, na baada yake sharti apumzike majuma mawili kabla ya kupewa chakula tena, nacho kiwe kidogo.

Mwenye kikundi atauliza, Je, atacheza lini? Kwa maoni yangu, si kabla hajala mara tatu mfululizo bila kutapika. Hata hapo aanze kwa kushikwa dakika tano tu uani, pasipo ngoma, na mtu aliyenawa mikono. Aliyetoka kushika kuku au panya ananuka chakula, na chatu hufuata pua yake. Meno yake hayana sumu, lakini yamepinda kwa nyuma na huchana nyama, na mwili wa mkubwa waweza kumwua mtu. Kwa hiyo watu wawili wawepo siku zote, na watoto wasiwepo.

Wako wanaotaka kwenda mbali zaidi, wakaleta kifutu au fira ili ngoma iwe ya kutisha, na kung'oa meno ya sumu. Meno hayo huota tena, na hakuna atakayewaambia siku yalipoota. Bwana C. J. P. Ionides wa Liwale, aliyefariki mwaka 1968, alikamata nyoka kwa maelfu na watu wakamwita Bwana Nyoka. Na yeye pia aliumwa zaidi ya mara moja. Nyoka wa sumu hana mahali katika ua wa kikundi cha ngoma.

Ngoma ikiisha, chatu arudishwe katika kizimba kilekile, mahali palepale, na mtungi wake uwe upande uleule. Ukikisafisha siku hiyo, usiyatupe matandiko yote mara moja. Acha theluthi moja ya yale ya zamani, kisha mshushie shuka.